Bi Onyesha

Tulimwita Bi Onyesha, naye alijua. Miaka ishirini na sita amesimama mezani akikabidhi vyombo vya upasuaji. Miguu imechoka, mdomo bado. Kila tulipotoa kizazi, kabla hajanipa kibano cha kubania mshipa wa pembeni, aliuliza: "Mrija uko wapi, Daktari? Nionyeshe."

Mrija wenyewe ni mwembamba, unashusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kibofuni. Karibu na shingo ya kizazi unapita chini ya mshipa wa damu, upana wa kidole tu kutoka pale tunapokata. Ukiubana kwa bahati mbaya, figo inakufa kimyakimya, na mgonjwa anakuaga kwa shukrani. Lakini mimi, daktari bingwa, niulizwe kama mtoto wa shule? Alinikera, nisiseme uongo.

Siku ile mgonjwa alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye figo moja tu tangu kuzaliwa. Mrija wake hauna wa akiba. Nilipofika upande wa figo hiyo, damu ikafoka. Mtu wa dawa ya usingizi akaita, "Presha inashuka!" Nikanyoosha mkono.

"Kibano!"

"Uko wapi?"

"Sista, mtu anakufa hapa!"

"Gandamiza kwa kitambaa, damu itatulia. Uko wapi?"

Lo! Nilimtukana mbele ya watu, mtu wa umri wa mama yangu. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Kibano kakishikilia vilevile. Nikagandamiza, jasho likinitiririka. Damu ikapungua. Mshipa niliotaka kuubana nilikuwa nao vidoleni. Nikaugusa kwa ncha ya chombo, nimkomeshe.

Ukajinyonganyonga kama mnyoo. Mshipa wa damu haufanyi hivyo. Mrija ndio hufanya.

"Huu hapa," nikasema.

"Haya, usogeze pembeni," akasema, akanipa kibano.

Mume wa mgonjwa alikuwa koridoni, hakai wala hasimami. Nilipomwambia mkewe mzima, na mkojo unatoka vizuri, akanishika mikono yote miwili huku analia.

"Mungu aibariki mikono hii, Daktari!"

Bi Onyesha alikuwa anapita nyuma yake na beseni la vyombo vichafu. Akatutazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema si mikono hii, ni ile.

Nikajibu, "Amina."