Utumbo wa Nyuki Asiyeuma

Wiki nzima niliinamia hadubini kwenye maabara ya chuo chetu hapa Garissa, nikijaribu kutoa utumbo wa nyuki mdogo asiye na mwiba bila kuukata. Mradi wangu wa mwisho ulitaka mchoro wa utumbo mzima, na nyuki mwenyewe haifikii punje ya mchele. Kila nilipompasua mgongoni, kile kifuko anachobebea asali kilitoboka na kila kitu kikanata kwenye sindano. Nikiwasha feni, nyuki anapeperuka. Nikiizima, jasho linaniingia machoni.

Nyuki nilikuwa nimewatoa kwa mjomba wangu wa mji wa Masalani, anayewafuga ndani ya gogo nyuma ya nyumba. Nilipompigia simu kuomba wengine, alifoka.

"Umeua wangu wote hao ili uone choo chao? Abadan!"

Nikabaki na watatu, baridi ndani ya kopo la barafu. Nikawapeleka nyumbani pamoja na lenzi ya mkononi. Mama alikuwa uani akisafisha matumbo ya mbuzi. Alinitazama nikimharibu wa kwanza.

"Hooyo," akasema, maana kwetu mama humwita mwanawe kwa jina hilohilo la mama, "mbona unaanzia mgongoni? Shika mkiani, uvute polepole."

"Mama, huyu si mbuzi."

"Hana mdomo? Hana nyuma?"

Wa pili nikampasua kwa njia yangu, kwa ukaidi tu. Akaharibika. Wa tatu nilimbana pingili ya mwisho kwa kibanio, nikavuta huku nimezuia pumzi. Utumbo ukaja wote: kifuko cha asali kinang'aa, tumbo limejikunja, mirija myembamba kama nywele, na mwishoni kifuko cha kinyesi, cha manjano kwa chavua. Nilitaka kulia kwa furaha na kwa hasira pia. Mama hata hakuinuka kuangalia.

Nilichora, nikaandika ripoti. Mhadhiri wangu akaniita.

"Njia hii ya kuvuta umeitoa wapi?"

"Kwa mama."

"Mama si rejea. Tafuta kitabu."

Nikatafuta siku mbili, intaneti ikikatika kila baada ya ukurasa. Mwishowe nikachoka, nikamwandika mama kwenye orodha ya marejeo. Ripoti ikarudi, jina lake limekatwa kwa wino mwekundu.

Nikaliandika tena.