Namba Huposwa

Mume wangu hajawahi kumpigia mama yangu simu. Yeye hupiga nyumbani. Ukimwuliza tofauti iko wapi atakueleza kwa utulivu, na kwa muda mrefu nilidhani anacheza na maneno tu.

Yeye ni mtu wa Mbeere, kule Embu kwenye nyanda kavu. Mama yuko Kanyakine, Imenti Kusini, upande wa Meru, ambako asubuhi ukungu hukaa kwenye migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Kwao na kwetu wanakubaliana jambo moja: mkwe na mama mkwe hawazoeani. Wachungaji walishasema kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na wote wawili, kila mmoja kanisani kwake, wakaitikia amina. Hata hivyo mume wangu akifika Kanyakine huketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Mama humsalimu akiwa amesimama, macho yake kwenye kalenda ya ukutani, kisha huingia jikoni na chakula kuletwa na mtu mwingine. Sidhani amewahi kumwona mkwe wake akitafuna.

Lakini kwenye simu ya nyumba waliongea. Simu hiyo ilikuwa kwenye meza ndogo, kwenye korido kati ya sebule na jikoni, karibu na mlango wa nyuma. Mama aliwekewa alipokuwa muuguzi wa zahanati, ili wagonjwa wampate, na alipostaafu akaendelea kuilipia. Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, mume wangu alitoka nje, uani kwetu mjini Embu, akapiga.

"Haloo, hapo ni nyumbani?"

"Ni nyumbani. Ni nani mwenzangu?"

Wanajuana vizuri kabisa, lakini lazima iwe hivyo: amepiga simu nyumbani, na mtu aliyekuwa akipita ameipokea. Baada ya hapo ni nusu saa ya ndengu, mbuzi, na mvua iliyonyesha upande mmoja wa kilima ikaruka mwingine. Kisha huja mambo ambayo sisi watoto wake hatuambiwi. Kupitia simu hiyo ndipo tulipojua kwamba mama alikuwa ameacha dawa za presha kwa sababu zilimpa kizunguzungu. Yeye aliyewagombeza nusu ya Kanyakine kwa kuruka dawa! Mume wangu aliingia ndani siku hiyo, akatazama dirishani, akasema, "Nasikia huko nyumbani kuna mtu ameacha vidonge." Kesho yake nilikuwa njiani kwenda Kanyakine.

"Si umpigie tu kwenye simu yake ya mkononi?" nilimwuliza siku moja.

"Ile ni yake. Nikiipiga nimemwita yeye mwenyewe. Ni kama kubisha mlango wa chumba chake cha kulala."

"Kwa hiyo simu ya nyumba ni nini?"

"Ni lango la boma, mwalimu. Langoni mtu yeyote anaweza kupiga hodi."

Basi kampuni ya simu ilipotangaza kwamba itaziondoa nyaya za shaba upande ule, kwa kuwa ziliibwa kila zilipofungwa upya, nilijua lango linataka kung'olewa. Wakati huohuo kampuni nyingine ilikuwa ikivuta faiba, zile nyaya za intaneti, kwenye nguzo za stima, na mimi nilitaka mama awe na intaneti ili awaone wajukuu. Nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani: namba ya simu hukaa wapi hasa?

Nilikuwa nikiamini inakaa kwenye waya. Nilipoanza kuulizauliza, nikagundua kwamba haimo kwenye waya wala kwenye simu yenyewe. Ni maelekezo tu, yanayotunzwa kwenye mitambo ya kampuni: mtu akipiga namba hii, mpelekeni pale. Ukibadilisha neno "pale", namba imehama bila kubadilika hata tarakimu moja. Jambo hilo lilinifurahisha sana, kiasi kwamba nililieleza darasani ingawa nilipaswa kufundisha sehemu na desimali.

Likizo ilipofika nikaenda kumweleza mama. Alikuwa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Sauti itapitaje kwenye intaneti?" akauliza. "Intaneti si ni ya picha?"

"Inakatwa vipande vidogovidogo, mama. Kila kipande kinawekewa anwani, vinatumwa, na kule mwisho vinaunganishwa. Kazi hiyo inafanywa na kisanduku kitakachowekwa hapa ndani."

"Na kipande kikipotea?"

Ndilo swali zuri kuliko yote, na nilimwambia hivyo. "Umeona magari ya miraa yakitoka Laare?"

"Moja lilinitupa mtaroni."

"Kwa nini yanakimbia vile?"

"Kwa sababu miraa ikichelewa inanyauka. Haina mnunuzi."

"Sauti ni miraa. Kipande kikichelewa, kisanduku hakikingoji, kinakiacha na kuendelea. Barua pepe ni maharagwe kama hayo, yakifika leo au kesho ni maharagwe tu. Ndiyo maana intaneti ikiwa mbovu barua itafika salama, lakini sauti itakwaruza."

Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Na stima ikipotea?"

"Kisanduku kinazima na simu inazima. Tutakiwekea betri."

"Hii ya zamani haikujua hata kama stima ipo."

"Kweli. Umeme wake ulikuja na waya wake. Hapo tunapoteza kitu, mama, sikufichi."

Akaridhika, nadhani kwa sababu sikumficha. Kisha akaweka ungo chini na kusema kesho yake tutaenda mjini Meru kwenye ofisi ya kampuni ya zamani, awashukuru kwa miaka yote ile na kuifunga akaunti yake. "Mtu haondoki bila kuaga," akasema. Alikuwa ameshatoa nguo ya kwendea.

Ninafahamu watu wanaopoteza namba zao kwa ubaya, lakini huyu alikuwa karibu kuipoteza kwa adabu. Ukiifunga akaunti kabla ya kuhama, namba inakufa nayo. Kampuni mpya ikija kuiomba, inaambiwa hakuna kitu cha namna hiyo.

"Mama, binti akiolewa, nani anaanza safari?"

"Upande wa mwanamume. Wanakuja kuposa."

"Binti hafungi virago, akawaaga wazazi, kisha akasimama barabarani kungoja mchumba?"

"Huyo atakuwa ametoroka. Nani atamposa tena, na hana kwao?"

"Basi namba nayo huposwa. Kampuni mpya inakwenda kwa ile ya zamani, inaiomba. Ya zamani inakubali, inaiachilia. Siku namba inapofika kwake mpya, akaunti ya zamani inafungwa. Wewe kazi yako ni kukaa nyumbani na kusema, ndiyo, nimekubali."

Alicheka mpaka akafuta macho. "Na mahari nachukua mimi?"

"Wewe ndiye utakayelipa, mama. Hapo ndipo mfano wangu unapoharibika."

Nguo ilirudi kabatini. Kampuni mpya ikaleta faiba, ombi likapelekwa, na mimi nikarudi Embu nikijiona hodari.

Jumapili iliyofuata mume wangu alitoka uani kama kawaida. Akarudi mapema mno.

"Kuna mwanamke anasema namba haipatikani."

"Iko njiani," nikamwambia. "Itatulia."

Jumapili ya pili, yule mwanamke wa mashine alisema vilevile. Mume wangu alizunguka uani, akamwaga maji ya kuku yaliyokuwa safi, akaweka mengine. Nikamnyooshea simu yangu, namba ya mkononi ya mama ikiwa tayari imefunguliwa. Akaitazama kama mtu anayeonyeshwa kisu.

"Mimi nitaongea naye kisha nikupe," nikasema.

"Ataniambia yuko salama, nami nitamwambia tuko salama. Hayo si mazungumzo." Kisha akaongeza polepole, "Mara ya mwisho alikuwa anataka kuniambia kitu. Akasema, 'tutaongea Jumapili.'"

Nilimpigia mama mimi mwenyewe. Akasema yuko salama, hata lile goti lililokuwa likimsumbua limepona.

Jumatatu nikashinda kwenye simu na wahudumu. Jibu lilikuja mwishowe: kampuni ya zamani ilikuwa imeshaiachilia namba, lakini kule kwenye kampuni mpya hakuna aliyeipokea. Nilipomweleza mama, akauliza kwa hasira ni harusi gani hiyo ambayo bibi harusi ameachwa njiani na watu wamelala. Nikawasomea maneno yake wahudumu, neno kwa neno. Sijui kama ni hayo yaliyosaidia, lakini wakatuma fundi, nami nikapanda Kanyakine kumpokea.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mikinduri, Tigania, mwepesi wa mikono na mdomo.

"Nyinyi watu wa Tigania mnapenda haraka," mama akamwambia alipomwona anapanda ngazi mbilimbili.

"Na nyinyi Waimenti mnapenda kuhojiana. Mama, shika hapa basi, tumalize kabla hujaniuliza ukoo wangu."

Akajaribu kuchomeka simu ya zamani kwenye kisanduku, lakini kengele yake ilikuwa imechoka, inatoa mlio wa mbuzi mwenye kikohozi. Tukaweka mpya, yenye skrini pana. Wakati fundi akiendelea, mimi nikaingiza majina ya familia kwa herufi kubwa, ili mama asihitaji miwani. Niliona nimefanya jambo la maana sana. Kisha nikampigia mume wangu dukani kwake, anakouza dawa za mifugo, nikamwambia, "Jaribu sasa."

Simu ikalia. Mama akafika upesi, mkono ukiwa tayari umenyooshwa, na mkono huo ukasimama hewani. Kwenye skrini paliandikwa MKWE.

Ikalia, ikalia, ikanyamaza.

"Haisikiki?" fundi akauliza, akiinama kukagua waya.

"Inasikika," nikasema. Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea ukutani.

"Naweza kufuta jina, mama."

"Namba yake itabaki hapo?"

"Itabaki. Simu hizi huonyesha anayepiga."

Akaingia sebuleni, akavua kitambaa kwenye mgongo wa kochi, kile cheupe cha maua alichofuma mwenyewe, akakitandaza juu ya simu na kukivuta mbele hadi skrini ikazama yote.

"Sasa hutaona nani anapiga," fundi akamwambia.

"Nani amesema nataka kuona? Mwambie apige."

Ikalia. Mama akaiacha kidogo, kama mtu anayetoka jikoni bila haraka, kisha akaingiza mkono chini ya maua.

"Haloo. Ni nyumbani. Ni nani mwenzangu?"

Sauti ya mume wangu ilikuja safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Akaulizia mvua. Mama akaulizia mbuzi. Fundi akanikonyeza, akaanza kukusanya vyombo vyake, na mama akatupungia mkono tutoke. Nilikuwa ndio kwanza nafika kwenye ngazi za nyuma nilipomsikia akishusha sauti.

"Sasa, hili goti," akasema, "toka wiki ile siwezi hata kupiga magoti kanisani."

Mimi alikuwa ameniambia limepona. Nikasogea karibu na mlango, na mama akausukuma kwa mguu ule usiouma, ukafungwa.