Nikimfunga Mjomba wa Watu, Napewa Uhamisho

Admin, jina langu libaki kwako, maana nikijulikana kazi sina. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, askari polisi, kwetu Njombe. Nilianzia Masasi, sasa nipo kituo kimoja huku Newala. Mke wangu ni muuguzi, yuko nyumbani na watoto. Kila mwaka naomba uhamisho na kila mwaka napigwa kalenda. Mtoto wangu wa mwisho akiniona ananiita anko. Nina hasira hapa nilipo, kwa hiyo mnivumilie.

Msimu huu magunia ya korosho yaliibwa kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Mimi na mwenzangu tuliyakuta kwa kijana mmoja, kibarua wa tajiri anayenunua korosho kwa magendo. Hata watoto wanajua nani alimtuma. Tukamweka ndani. Kesho yake asubuhi akaja mjomba wake kwa baiskeli, mzee mkulima, kavaa kanzu safi. Kwa wenyeji wa huku mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Kijana akiharibu, anayeitwa kujibu na kuomba radhi ni yeye.

"Mimi ndo mjomba wake," akamwambia mkuu wa kituo. "Kijana akiwa na kosa, wa kujibu ni mimi. Niulizeni mimi."

Mkuu akamsweka mahabusu yule mzee, kijana akamwachia! Nilidhani utani. Kumbe tajiri alishapiga simu, anaogopa kijana akifika mahakamani atamtaja. Mzee hana wa kumtaja.

Juzi mkuu kaniita ofisini. "Mzee alikiri mbele yako, sivyo?"

"Afande, hakukiri kuiba. Alikuja kama mjomba."

"Wewe Mbena mila za Wamakonde umezijulia wapi? Utasema mahakamani kwamba alikiri. Uhamisho wako nitausimamia mwenyewe, mwezi ujao uko kwa mkeo."

Nilitamani nimrushie kiti. Badala yake nikapiga saluti, nikasema, "Ndiyo, afande." Hapo ndipo ninapojichukia. Niliapa kulinda watu, na siku hizi namlinda mwizi mwenye gari.

Nikampigia mke wangu, nikitegemea atanizuia. Akasema, "Baba Upendo, huyo mzee ni nani yako? Nimelea peke yangu, nimechoka. Ukikataa safari hii, usinipigie tena kunilalamikia." Nilimkasirikia, lakini siwezi kusema amekosea kuchoka.

Mke wa mzee kila siku analeta ugali wa muhogo na kisamvu. Wenzangu wanamfokea, mimi napokea bakuli. Jana kaniambia, "Baba, hawa wengine siwajui. Wewe ulikuwepo, ulimsikia mume wangu alivyosema. Nimewaambia wanangu baba yao atarudi, shahidi ni wewe."

Kesi ni Jumatatu. Nikisema kweli, mkuu atanitupa mbali zaidi na ndoa yangu sijui kama itabaki. Nikisema uongo, mzee anafungwa kwa sababu ya kuwa mjomba mwema, na mimi napanda basi kwenda kwetu. Leo yule mama kaniuliza mahakamani akae benchi lipi, maana masikio yake mazito na anataka anisikie vizuri nikiongea. Nimemwelekeza benchi la mbele.

Ndugu zangu, nishaurini. Nikisimama pale mbele yake, niseme nini?