Nambilanje Hakuna Kitu?

Siku Kamanda Magitaa alipofariki, Adinani alipewa kazi moja tu: aandike wasifu wa marehemu. Ukurasa mmoja, usomwe makaburini kabla watu hawajatawanyika, kama anavyosomewa kila mtu mwenye watu wake. Adinani akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti pale Nachingwea, daftari magotini, akaandika: "Marehemu alizaliwa." Akakwama hapo hapo. Alizaliwa wapi? Mwaka gani? Wazazi wake ni akina nani? Miaka mitano alikuwa akila naye wali wa Ijumaa sahani moja, na leo anaambiwa amweleze mbele za watu, hana hata pa kuanzia.

Ilikuwa Agosti 2006. Adinani alikuwa fundi redio wa Ruangwa, mwenye kibanda jirani na stendi, na juu ya ufundi wake alikuwa wakala wa kadi za salamu. Kama hukuishi kusini miaka ile, hizi kadi huzijui, basi sikiliza. Unanunua kadi yenye muhuri wa redio, unajaza jina lako, unajaza majina ya unaowasalimu, unaweka ujumbe mfupi, kisha Jumamosi unakaa karibu na redio yako ukisubiri kutajwa. Walikuwepo watu ambao Jumamosi mchana hawashiki jembe hata mvua iwe imeshaanza. Adinani alikusanya kadi kutoka Matambarale, Mbwemkuru na mjini kwenyewe, akazifunga kwa mpira, na kila Ijumaa akapanda basi hadi Nachingwea, kwenye vyumba viwili nyuma ya soko ambavyo ndivyo redio yenyewe.

Humo ndimo alimokuwa akitangaza Kamanda Magitaa. Wenzake wote walipiga dansi, taarabu na bongo fleva, yeye akapiga roki. Kanda zake alizipata miaka ya tisini kwa Mzungu mmoja aliyekuja kupima madini Ruangwa, akafungasha virago na kumwachia boksi zima. Mwanzoni watu walilalamika. Wazee wa Matambarale waliuita muziki wa mashine, kwa sababu ulianza kama mashine ya kusagia inayokataa kuwaka. Baada ya mwaka mmoja ni wazee hao hao waliokuwa wakituma kadi: "Tupigie ile ya mashine."

Utamu ulikuwa kwenye maelezo. Kiingereza cha Kamanda kilikuwa cha kuombea maji, lakini hakuna wimbo alioupiga bila kuwaeleza wasikilizaji unasema nini. Wimbo ule ule wiki hii ulihusu mbuzi aliyepotea, wiki ijayo ukahusu mwalimu aliyecheleweshewa mshahara. Mmoja tu hakuubadilisha kamwe, wenye gita refu linalolia peke yake mwishoni. Huo, alisema kila mara, ni wa kijana aliyesimama njiani mbele ya milango miwili, kila mlango una mtu anayemwita, naye anawapenda wote wawili. "Sasa aingie wapi?" aliuliza Kamanda, kisha akaliacha gita lijibu. Adinani alidhani ni maneno ya redioni tu.

Na kila Ijumaa, Kamanda akishapokea mafungu ya kadi, aliuliza swali moja. "Nambilanje hakuna kitu?"

"Hakuna," alijibu Adinani. Kule kijijini kadi hazikuwa zikiuzwa. Alimwona jamaa ana tamaa ya kusikika kila kijiji.

Sasa Kamanda amekufa kwa homa ya siku tatu, na Lukasi, fundi mitambo wa redio, akaja kutoka ofisini kwa marehemu ameshika kitambulisho cha mpiga kura.

"Bwana Adinani, ulijua huyu mtu anaitwa Ladislaus Uwesu?"

"Nani?"

"Kamanda. Soma mwenyewe."

Adinani akasoma. Jina lile lilimgusa mahali, lakini hakujua ni wapi. Hakupata nafasi ya kufikiri pia, maana mbele ya chumba cha maiti makundi mawili yalikuwa yameshaanza kuvutana, kwa adabu kwanza, baadaye bila adabu. Wazee wa msikiti walisema baba ni Uwesu, mtoto ni wa baba, maiti azikwe leo kabla ya alasiri. Tena walimwona kwa macho yao akifunga Ramadhani. Wanajumuiya wa kanisani wakasema jina la Ladislaus halipatikani barabarani, mtu hupewa kwenye ubatizo, na kila Krismasi ni yeye aliyeimba besi. Huyu anasema alimsikia akianza kipindi kwa "Asalaam aleikum". Yule anasema mbona papo hapo alimalizia na "Tumsifu Yesu Kristo"? Wote walikuwa wanasema kweli, na hilo ndilo lililozidi kuvuruga mambo.

"Wewe ndiye rafiki yake," Adinani akageukiwa na pande zote mbili. "Alikuwa nani?"

Adinani aliona aibu iliyochanganyika na hasira. Inakuwaje mtu umpende hivi halafu usimjue?

Wakakubaliana kungoja hadi kesho, labda ndugu watapatikana. Adinani akarudi Ruangwa na basi la mchana, jina likimzunguka kichwani njia nzima. Ladislaus Uwesu. Alipofungua kibanda chake na kuona kopo la skrubu, ndipo akakumbuka, akalimwaga lote mezani.

Mwezi wa tano alikuja Agape, mama anayezungusha mitumba kwenye magulio, akamletea karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. "Bibi mmoja wa Nambilanje kanipa, anaomba ifike redioni," alisema. Adinani aliipokea kwa vidole viwili. Juu yake paliandikwa: "Kwa Ladislaus Uwesu, redioni Nachingwea." Akamwambia Agape kwamba, kwanza, karatasi ya daftari si kadi, na utaratibu ni utaratibu. Pili, redio nzima ina watu sita, wote anawajua, hakuna Ladislaus. Agape alikuwa na haraka ya gari, akaiacha pale. Adinani akaitia kwenye kopo chini ya skrubu, akaisahau. Ijumaa ile ile akaulizwa, "Nambilanje hakuna kitu?" Akajibu, "Hakuna."

Sasa akaikunjua. Ulikuwa mwandiko wa mtoto wa shule, maneno ya mtu mzima:

"Mwanangu Ladi. Sauti yako niliijua tangu mwaka juzi, nikanyamaza kwa sababu ya baba yako. Baba yako Uwesu amefariki mwezi wa tatu. Hakuna tena wa kukuvuta huku wala kule, na mimi nimeacha kuvuta. Njoo na dini yoyote uliyo nayo. Ukiisoma hii redioni nitajua umeipata na unakuja. Usipoisoma nitajua hutaki, sitakusumbua tena. Mama yako, Lusia."

Adinani aliisoma mara ya pili, akaketi kwenye kiti cha wateja. Juni, Julai, Agosti. Jumamosi ngapi huyo mama alikaa mbele ya redio? Aliwaza kuichana. Aliwaza kwenda. Aliwaza hata kwamba labda kuna Ladislaus Uwesu mwingine, akajicheka mwenyewe, kicheko kibaya. Mwisho akaazima pikipiki ya jirani, akashika njia ya Nambilanje. Hakujua anakwenda kusema nini.

Mama Lusia alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, Kiswahili chake kimejaa Kimwera. Redio ndogo ilining'inia kwa kamba kwenye nguzo ya baraza lake. Adinani alipomwambia kwamba Kamanda wa redioni amefariki, hakupiga yowe. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga kiunoni.

"Ni mwanangu," alisema. "Wewe hujui. Ni mwanangu."

Walilala Ruangwa kwa dada yake Adinani, alfajiri wakaendelea. Njiani walisimama kidogo kupoza pikipiki, mama akasema, bila kumtazama, "Nilimwandikia. Hakusoma. Alinikataa. Lakini kuzika nitamzika."

Hapo ndipo ilipompasa Adinani kusema. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa shati, aliisikia kila alipopumua. Akasema, "Mama, twende, jua linapanda." Hata mwenyewe hakujielewa.

Nachingwea waliwakuta wazee wa msikiti na wa kanisani bado wanavutana, usiku haukuwatuliza. Lukasi akamleta mama mbele, akaeleza ni nani, na wote wakainuka kama wanafunzi.

"Shikamoo, mama. Pole sana," akasema mkubwa wao. "Tunaomba utuambie tu. Marehemu alikuwa dini gani?"

Mama Lusia aliwatazama mmoja mmoja. "Baba yake alisema, aje huku. Mimi nikasema, aje kule. Kila siku, kila siku. Mtoto akakimbia, sasa ni miaka kumi na minne." Akapumua. "Na nyinyi mnaanza tena?"

Wakakubaliana kila upande umwombee kivyake. Basi akazikwa makaburi ya mjini. Shehe akaomba dua, katekista akasali, wengine wakaitikia pasipopaswa kuitikia na kunyamaza pasipopaswa kunyamaza. Watu walikuwa wengi kuliko ilivyowahi kuonekana, kuna waliotoka Mbwemkuru kwa baiskeli na kadi zao mkononi, kama vile angeweza bado kuzipokea. Kisha Lukasi akatangaza, "Wasifu wa marehemu utasomwa na rafiki yake."

Adinani akasogea. Daftari lilikuwa na maneno yale yale mawili. Alitazama kaburi, akamtazama mama aliyeketi chini na kuinyoosha miguu, akaona hana lolote la kusoma ila ile barua. Akatoa karatasi ya mfukoni.

"Kabla sijasoma," alisema, akaiinua juu wote waione. "Hii ni barua ya mama. Ilikuja mwezi wa tano. Niliiweka kwenye kopo kwa sababu haikuwa kadi. Marehemu hakuiona. Kila Ijumaa aliniuliza kama kuna kitu kutoka Nambilanje, nikamwambia hakuna. Hakuikataa, mama. Hakuiona kabisa. Ni mimi."

Minong'ono ikapanda. Mtu mmoja akasema neno lisilosemwa makaburini. Adinani alingoja mama anyanyuke ampige, na kwa kweli alitamani ampige.

Mama Lusia hakunyanyuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Aliuliza?" akasema. "Nambilanje, aliuliza?"

"Kila Ijumaa."

"Miaka yote?"

"Yote mitano, mama."

Mama akafunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, na kwa muda hapakuwa na mtu aliyejua kama analia au kitu gani. Alipojifunua uso ulikuwa umelowa. Akanyoosha kidole kwenye karatasi.

"Soma."

Adinani akasoma. Alisoma kama Kamanda alivyokuwa akisoma kadi za wazee, polepole, jina kwanza, mahali, kisha ujumbe. Alipofika "Njoo na dini yoyote uliyo nayo," shehe aliinamisha kichwa na katekista naye vile vile. Akamaliza: "Mama yako, Lusia," akaikunja.

"Soma tena," akasema mama. "Kule chini hasikii haraka."

Adinani akaikunjua, akapiga magoti karibu na udongo mbichi, akasoma tena.