Ubao Wenye Timazi

Mume wangu alikuwa mwashi Tanga, na hapa London alijenga kuta za watu mpaka kifua kikamshinda. Siku za mapumziko alikwenda makumbusho kutazama vyombo vya mwanafalaki mmoja wa zamani, aliyepima nyota kabla darubini hazijakuwapo. Alichokipenda zaidi ni robo ya duara ya mbao, kubwa kama mlango, yenye uzi uliofungwa kipande cha risasi.

"Huyu alikuwa fundi mwenzangu," aliniambia. "Hiyo si timazi hiyo?"

Akatengeneza yake kwa mlango wa kabati letu bovu, akaandika namba ukingoni, akafunga timazi aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Akawa anasimama kwenye balkoni yetu ya Ilford akipima mwezi na kuandika kwenye daftari. Nilimcheka. Nilisema mwanamume mzima anacheza na mlango. Sikuwahi kumwomba radhi.

Baada ya hitima ya arobaini, shemeji yangu alikuja kuchukua nguo za kugawa. Akauona ubao.

"Shemeji, hiki ni chombo cha ramli. Namba zote hizi! Ndicho kilichomla kaka. Leo kinatoka humu."

Akaunyanyua. Binti yangu akasema kwa Kiingereza tumwachie, tusigombane. Mimi si mtu wa kelele, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nilishika upande wa pili wa ubao.

"Kaka yako kaliwa na vumbi la saruji," nikasema. "Ulimwona hospitali. Usimsingizie."

Nikauvuta mpaka balkoni.

"Uko eda, shemeji!"

"Balkoni ni nyumbani kwangu. Njoo uione ramli yako."

Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi umeshatoka, mweupe juu ya paa za jirani. Nikamwambia achungulie kwenye matundu mawili aliyotoboa marehemu ukingoni mwa ubao mpaka auone. Akachungulia, shingo imempinda. Uzi ukatulia kwenye thelathini na mbili.

"Haya, umetabiriwa nini?"

"Sijatabiriwa kitu."

"Umeambiwa mwezi uko juu kiasi gani. Basi."

"Hata hivyo sipendi kuuona ubao huu."

"Basi ukija, kaa sebuleni."

Akaondoka na makoti. Nilifungua daftari, chini ya mstari wa mwisho wa marehemu nikaandika thelathini na mbili. Mwandiko wangu mbaya, na sijui namba ile inafaa nini. Kesho yake nilipima tena.