Nondo wa Koroboi Yetu ya Sindo

Enzi zetu pale Sindo, nyumba nzima ilikuwa na koroboi moja, na moshi wake ulitupeleka shuleni na pua nyeusi. Wadudu wote wa ziwani walihamia mezani kwetu. Unakula ugali na omena, unatema bawa, unaendelea. Watoto wa siku hizi wakiona mende mmoja wanapanda kitandani kwa mayowe!

Mama alikuwa na sheria moja tu. Baba akiwa ziwani na taa zake za karabai akivua omena, mdudu aliyefuata taa yetu haguswi. "Muacheni, huyo ni mgeni wa baba yenu."

Jioni moja akaingia nondo mkubwa kama kiganja, rangi ya udongo, na duara mbili kama macho kwenye mabawa. Macho yale yalimtisha kaka yangu mkubwa, Ouma. Akavua ndala, pa! Usiku huohuo ziwa likachafuka, na mtumbwi ukarudi bila Baba.

Mama hakumchapa Ouma. Afadhali angemchapa. Alisema tu, mbele ya waombolezaji, "Niliwaambia wamuache." Neno hilo hakulirudia, na hakulifuta. Ouma alipoota ndevu akaenda Isebania kubadilisha pesa mpakani, na kila Krismasi tulimngoja bure. Hata tulipomzika Mama aliishia langoni.

Juzi tumemleta nyumbani, kwenye jeneza. Jenereta ilipowashwa kwa ajili ya matanga, nondo wa aina ileile akatua kwenye turubai, macho yake yakinitazama. Binti yangu Achieng akampiga picha, na simu ikampa jina refu la kigeni, gumu kutamka.

"Baba, eti huyu akishakomaa hana hata mdomo wa kulia chakula," akanisomea. "Anaishi siku chache tu, anatafuta mwenzake, anakufa. Taa inampoteza njia, basi."

Nikamwambia asome tena. Jamani, kumbe ni hivyo tu! Leo mtoto anauliza simu na kujibiwa kabla chai haijapoa. Sisi tulikuwa na neno la Mama peke yake, na kaka yangu alilibeba maisha yake yote. Niliumia sana.

Nikamshika Achieng mkono, tukaenda hadi kando ya jeneza.

"Msomee baba yako mkubwa," nikamwambia. "Soma polepole."