Waliompigia Mama Yangu Kumwita Mwizi

Mtu wa kwanza kumwita mama yangu mwizi alikuwa mwanamke wa Kahama. Alipiga asubuhi, mama akipalilia muhogo shambani kwetu Gorong'a, na mimi nikijikokota na jembe nyuma yake. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi kule Natta, upande wa Serengeti, na kila likizo nilirudi kumsaidia. Baba alikuwa ameshafariki, na vibarua hawakupatikana tena. Wanaume wenye nguvu zao wote walikuwa wametupa majembe wakaenda kuchimba dhahabu.

Mama alifuta mkono kwenye kanga, akaweka simu sikioni, akasema kama alivyomwambia kila mtu, "Bwana asifiwe."

Sauti ya upande wa pili ilikuwa kali, niliisikia pale nilipokuwa. "Rudisha hela yangu, mwizi wee! Nipe huyo mumeo aliyenipigia jana!"

Mama alifikiri kidogo. "Mume wangu yuko hapa nyuma ya nyumba," akasema, "lakini ana mwaka wa sita kaburini. Ukimwita akakuitikia, na mimi unisalimie."

Simu ikakatwa. Mama akaendelea kupalilia. Mimi nilicheka, kwa sababu nilidhani mtu amekosea namba.

Wiki ile hatukucheka tena. Walipiga watu wa Shinyanga, wa Geita, wa Tabora, wa Kigoma. Wote walikuwa na habari moja. Mwanaume aliwapigia, na kwenye simu zao ikatokea namba ya mama yangu. Akawaambia mtoto wao amefukiwa shimoni machimboni, au amelazwa hoi, watume pesa upesi kwenye namba nyingine atakayowapa. Waliotuma wakaja kugundua wametapeliwa. Namba waliyotumia pesa ilikuwa imezimwa, kwa hiyo wakaipigia ile iliyowapigia. Wakampata mama na jembe lake.

Miaka ile ilikuwa rahisi kumdanganya mzazi. Dhahabu ilikuwa inatoka kwenye vilima vyetu, na watu wakaja kutoka kila mkoa. Ikisikika tu kwamba mahali fulani kuna rashi, yaani dhahabu mpya imeonekana, kesho yake palipokuwa malisho pamejaa maturubai. Nyumba nyingi za kule walikotoka zilikuwa na mtu machimboni. Tapeli hakuhitaji kumjua yeyote. Alisema "mwanao wa machimboni", na moyo wa mzazi ukamalizia mwenyewe.

Nilimpeleka mama Tarime mjini, kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Tulihudumiwa na dada mmoja mpole aliyesuka nywele. Alimwamkia mama shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, laini yako iko salama," akasema. "Hakuna aliyeiiba. Hawa matapeli wana namna ya kufanya simu yao ionyeshe namba ya mtu mwingine. Anapiga kutoka anakokujua mwenyewe, lakini kwa anayepigiwa inatokea namba yako. Ni kama mtu aandike barua mbaya, halafu nyuma ya bahasha aweke anwani yako."

"Kwa hiyo wakijibu, majibu yanakuja kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Na mwandishi hajulikani."

"Tutaipeleka taarifa mbele, na polisi mkaandikishe. Ila kwa sasa ningekushauri ubadilishe namba."

Mama alitikisa kichwa. "Laini hii alininunulia baba yake huyu," akasema akinionyesha kwa kidevu. "Na mimi sijamtukana mtu. Kwa nini nihame mimi?"

Tulienda polisi, tukaandikisha, tukarudi nyumbani. Hata mama mdogo, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, alipiga na Kiswahili chake cha Kenya. "Ati number yako imeshikwa na wakora? Si ubadilishe line tu!" Hakumweza. Mama yangu alikuwa Mkurya. Ukimsukuma ndipo anapokaa.

Alichofanya ni kuwapokea wale watu kama wageni. Alimwacha mtu atukane mpaka achoke, kisha akasema, "Pole. Umemaliza? Sasa na mimi nisikilize." Akamweleza habari ya bahasha. Akamuuliza mtoto wake anaitwa nani na yuko machimbo gani. Akamwambia, "Mpigie mwenyewe kwa namba yake, usikie sauti yake. Hela imekwenda, lakini mtoto yupo." Wengine walimkatia simu. Wengine walipiga tena kumshukuru, na wachache waliuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Mimi sikuwa na moyo huo. Siku moja nilimpokonya simu, nikamtukana mzee wa watu wa Geita kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mama aliichukua simu taratibu, akamwomba yule mzee msamaha kwa niaba yangu. Alipomaliza akanigeukia.

"Huyu ameibiwa jana. Leo unamtukana. Hivi wewe nilikuzaa au nilikuokota?"

Siku chache baadaye, ugali ukiwa jikoni, ilipigwa simu tofauti. Mpigaji hakutukana. Alikuwa mzee wa Singida.

"Mama, nakuomba," alisema. "Pesa niliyoambiwa sina. Nina mbuzi wawili tu, na mnada ni Jumamosi. Mwambie daktari asimwache binti yangu. Avumilie mpaka Jumamosi."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye kigoda. Alimweleza polepole kwamba hakuna daktari, kwamba yule aliyempigia ni mwongo. Mzee hakuelewa. Mama akanipa simu.

"Shikamoo baba," nilisema. "Huyo mtu alisemaje mwanzo kabisa?"

"Alisema mwanao wa machimboni anaumwa. Nikamuuliza, yule wa kike? Akasema ndiyo, huyo huyo."

"Basi baba, wewe ndiye uliyemwambia kwamba ni wa kike."

 Mzee akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Sasa yeye yuko wapi?"

Alitueleza. Binti yake aliondoka miaka mitatu nyuma, akimfuata mwanaume aliyekuja kuchimba dhahabu huku kwetu. Yeye alimkataza, wakagombana. Binti akaondoka bila kuaga. Wakati huo mzee hakuwa na simu. Alikuja kununua baadaye, makusudi, akiamini siku moja binti atapiga. Lakini binti angepigaje, wakati namba hana?

Mama aliichukua simu. "Anajua kupika nini huyo binti?"

"Mlenda," alisema mzee. "Hakuna anayemshinda kwa mlenda. Na ana kovu la moto mkono wa kushoto."

Mama akamwambia akae na simu yake karibu. Akaepua ugali. "Kesho tunaenda," akaniambia.

"Mama, kule kuna maelfu ya watu."

"Wanaopika mlenda si maelfu."

Asubuhi tulipanda bodaboda mpaka machimboni. Sikuwa nimewahi kufika. Vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe, lilikuwa limefunika kila kitu, hata nyusi za watu. Wanaume walipita na viroba vya mawe mabegani wakizungumza Kisukuma, Kiha, na Kiswahili cha kila namna. Mama alitembea katikati yao na kanga yake ya kanisani, akiwauliza mmoja mmoja, "Mwanangu, wapi hapa wanauza mlenda?" Wengi hawakujua. Mmoja aliyekuwa ananawa mikono kwenye ndoo akanyoosha kidole. "Sisi watu wa mikoa ya kati tunakula kwa yule dada, nyuma ya karasha la pili."

Lilikuwa banda la turubai lenye mabenchi mawili. Mwanamke mwembamba alikuwa anachochea kuni, mtoto mdogo amefungwa mgongoni. Alipogeuka kutukaribisha nililiona kovu. Nilitaka kusema hapo hapo, lakini mama akanifinya. Akaagiza chakula. Nilijua hapendi kitu kinachoteleza, ila alikula mlenda wote, akalamba vidole, akasifu. Ndipo akasema, "Mwanangu, baba yako anakusalimia."

Yule dada aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Nani kawatuma?"

"Baba yako, Singida."

"Baba yangu hana simu."

"Anayo. Alinunua kwa ajili yako."

Hakutuamini. Alituuliza tunataka nini, akasema hana hela, kama tumetumwa na yule mwanaume aliyemtelekeza na mtoto basi turudi tulikotoka. Mama hakubishana naye. Alibonyeza namba ya mzee, akaweka sauti ya nje, akampa simu. Sasa ikawa zamu ya mzee kutoamini, maana aliyoiona kwenye simu yake ni namba ile ile iliyomdanganya. Alizungumza Kiswahili ili sisi wote tusikie.

"Kama ni wewe kweli, niambie mkono uliungua kwa nini."

Yule dada alifumba macho. "Niliiba kiazi jikoni kwa bibi. Nikakwambia mbuzi alinisukuma."

 Nikasikia mzee anacheka, au analia, sikuweza kutofautisha. Wakaanza kuzungumza Kinyaturu. Wateja waliokuwa kwenye benchi waliacha kutafuna. Mama hakuelewa neno hata moja, lakini aliinamisha kichwa akisikiliza kama yuko kanisani.

Mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia. Dada akaanza kumbembeleza. Mzee akarudi kwenye Kiswahili, labda kwa mshtuko.

"Huyo anayelia ni nani?"

Dada alimtazama mama yangu kana kwamba anaomba ruhusa. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Ni mjukuu wako, baba," akasema. "Ana mwaka sasa. Niliona aibu."

Sijui mzee alijibu nini, kwa sababu salio la mama liliisha hapo hapo. Mchimbaji mmoja, jitu zima lenye matope mpaka magotini, akatoa simu yake mfukoni akampa yule dada.

Simu za matusi zilipungua, kisha zikaisha. Nadhani tapeli alihamia kwenye namba ya mtu mwingine, na nilimhurumia huyo mtu. Yule dada alikaa kwetu wiki mbili akitusaidia kuvuna mtama, na mama akampenda mtoto kiasi cha kunifanya nione wivu, mtu mzima mimi. Halafu tukampandisha basi, akarudi Singida kwa baba yake.

Mzee hakuacha kupiga. Kila Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, alimpigia mama. Yeye na Kiswahili chake cha Kinyaturu, mama na chake cha Kikurya, ambamo kalamu ilikuwa karamu na karamu ikawa kalamu. Walizungumza habari za mvua, za ng'ombe, za magoti yanayouma. Nikiwa Natta, nikimpigia mama Jumapili nikakuta anatumika, nilijua yuko na nani, nikasubiri. Ikaenda hivyo miaka.

Mzee alipofariki, binti alimpigia mama kabla ya kuwapigia baadhi ya ndugu. Mama alikuwa hajawahi kuvuka Mwanza maisha yake yote. Alifunga nguo mbili kwenye mfuko, akapanda basi peke yake mpaka Singida, akazika, akakaa siku nne. Aliporudi nilikuwa nimekuja nyumbani kumpokea. Nilimuuliza walimpokeaje.

"Walinikalisha na ndugu," alisema. "Mtoto amekuwa mkubwa, anasoma." Alivua viatu, akanyoosha miguu. "Nimeona picha ya mzee ukutani. Kumbe alikuwa mfupi!"

"Ulidhani mrefu?"

"Miaka yote ile nilikuwa nazungumza na mtu mrefu," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia nibandike chai.